Kutoiona sura ya mama akilini si kukosa mapenzi

Pole sana na msiba, mdogo wangu. Unasema ukifumba macho sura ya mama haiji, ni giza tu, huku ndugu zako wanamwona kabisa, na sasa unajiuliza kama ulimpenda kweli. Ulimpenda.

Hali hii inaitwa afantasia. Jina lilitolewa mwaka 2015 na Adam Zeman, daktari wa mishipa ya fahamu wa Uingereza, pamoja na wenzake. Lakini tangu 1880 Francis Galton, mwanasayansi wa Uingereza, aliwataka watu waivute akilini meza yao ya kifungua kinywa, na wapo waliomjibu kuwa hawaoni kitu. Hata Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, yuko hivyo.

Nami niko hivyo. Sura ya bibi siioni, ila najua kidole gumba chake kilikuwa na kovu la mbuzi ya nazi, na nikipita sokoni penye karafuu nasimama, maana kanga zake zilinukia hivyo.

Kama umekuwa hivi tangu utotoni, si ugonjwa. Kama zamani uliona picha na zimekatika ghafla, hasa baada ya kuumia kichwa au kiharusi, nenda hospitali usichelewe.

Picha yake iweke karibu, uitazame kila ukitaka. Na leo hii chukua daftari uandike alivyokuita, alivyocheka, alivyofunga kilemba. Mama zako wadogo wakisimulia habari zake, warekodi kwenye simu.