Zaka, sadaka na wakfu ndani ya mfuko mmoja: majibu kwa mweka hazina wa Ujiji

SWALI

Assalamu alaykum, sheikh wetu. Mimi ni mweka hazina wa mfuko ulioanzishwa na wakazi wa Ujiji na Mwanga, hapa Kigoma. Tunachanga kila mwezi, tunapitisha sanduku siku ya Ijumaa, na tunaitisha harambee. Fedha tunawapa wanaohudumia watu hapa hapa: madrasa ya yatima, akina mama wanaouguza wagonjwa majumbani, na kituo cha watoto wenye ulemavu kinachoendeshwa na majirani zetu Wakristo. Mwaka huu zimeingia shilingi 6,350,000. Kati ya hizo 2,100,000 wenyewe walisema ni zaka, lakini zote ziliingia kwenye laini moja ya simu. Tumetumia 2,600,000 kwa paa la darasa la madrasa, 900,000 kulipa madeni ya hospitali ya wagonjwa, na 400,000 kwa nauli, karatasi na makato. Je, zaka za watu zimefika? Pia wajumbe wanataka tuanze kuweka mtaji wa kudumu badala ya kugawa zote. Mkusanyaji wetu anaomba asilimia 10 ya anachokusanya. Na mbali na hesabu hiyo, harambee ya kisima ilihitaji milioni 9, tukapata taslimu 3,400,000 na ahadi nyingi ambazo hazijalipwa. Wengine wanasema tuzipeleke kwingine. Tuongoze, Allah akulipe kheri.

JAWABU

Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Dada yangu, maswali yako yote yana mzizi mmoja. Fedha iliyo mikononi mwenu si ya mfuko. Kila shilingi imekuja na sharti la aliyeitoa, na nyinyi ni mawakili wa sharti hilo. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kwamba anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Kamati ikilishika hili, mengi yatajijibu yenyewe.

Tuanze na zaka, kwa kuwa ndiyo nzito zaidi. Wanaostahiki wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, nao ni mafungu manane: mafakiri, masikini, wanaoitumikia, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, wa kuwakomboa watumwa, wenye madeni, katika njia ya Allah, na msafiri aliyekwama. Paa la darasa halimo, na kisima hakimo. Kauli ya wanazuoni walio wengi, na ndiyo ya madhehebu yetu ya Kishafii, ni kwamba zaka lazima imilikishwe mtu, na ukuta haumiliki. Yatima naye hastahiki kwa uyatima wake peke yake. Anastahiki akiwa fakiri, na hupokelewa na mlezi wake. Yatima aliyeachiwa mitumbwi miwili na nyumba ya kupangisha pale Kibirizi si mtu wa zaka, hata moyo ukimwonea huruma vipi.

Kisha kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilijui. Zaka inayokabidhiwa mtumishi aliyewekwa na kiongozi wa Waislamu humtoka mtoaji palepale. Inayokabidhiwa wakala haimtoki mpaka imfikie mwenye haki. Nyinyi ni mawakili. Ikipotea kwenye laini yenu, au ikalala hadi mwaka ujao, mama aliyewapa laki moja bado anadaiwa na Mola wake, naye analala akijua amelipa. Na wakala anayechanganya amana bila idhini ya mwenyewe anakuwa mdhamini: ikipungua, analipa yeye.

Sasa hesabu yenu. Zaka ni 2,100,000, kwa hiyo sadaka ni 4,250,000. Paa na gharama za uendeshaji ni jumla ya 3,000,000, na hizo zihesabiwe zote upande wa sadaka, zibaki 1,250,000. Madeni ya hospitali 900,000 yanaweza kuhesabiwa upande wa zaka, kwa kuwa mwenye deni asiye na cha kulipa ni miongoni mwa yale mafungu, na nia ya watoaji ilikwishatangulia walipowakabidhi. Lakini rudini kwa jina la kila mgonjwa: alikuwa Muislamu, hakuwa na uwezo, na aliridhia deni lake lilipwe? Yeyote ambaye jibu lake ni hapana, kiasi chake kihamie upande wa sadaka. Wote wakitimia, zaka iliyobaki ni 1,200,000, na jumla ni 2,450,000, ambayo ndiyo inayopaswa kuonekana kwenye laini yenu leo. Hiyo 1,200,000 itoeni bila kungoja kikao cha robo mwaka. Namshukuru Allah kwamba gharama za paa hazikupita kiasi cha sadaka. Zingepita, kamati ingelazimika kufidia mfukoni mwake.

Kuanzia hapo, tenganisheni mlangoni, si ofisini. Laini moja ya zaka, nyingine ya sadaka, na kwenye bango la harambee kila namba iandikwe kazi yake kwa herufi kubwa. Anayetuma bila maelezo apigiwe simu siku hiyo hiyo, maana baada ya mwezi hakumbuki. Akikosekana, msimhukumie kuwa ametoa zaka, kwa kuwa zaka haiwi ila kwa nia. Angalieni pia makato ya kutolea: zaka ya 100,000 ikikatwa njiani, fakiri amepata pungufu ya haki yake. Mwambieni mtoaji aongeze ya kutolea, au upungufu ujazwe na sadaka. Zakatul fitri msiiingize kwenye mfuko kabisa. Ina saa zake, na sala ya Idi haiingoji kamati.

Ndugu zenu walioko Dar es Salaam au Mwanza wanapotaka kuchangia, waombeni sadaka kwanza. Mtume (rehema na amani zimshukie) alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen alimwambia kwamba zaka inachukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao, na kutokana na hapo Mashafii wanakataza kuihamisha kutoka mji uliko mali ikiwa mafakiri wapo. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa ajili ya jamaa au kwa shida iliyo kubwa zaidi. Sadaka haina mpaka huo.

Ama mtaji wa kudumu, jambo hilo ni jema na lina asili kubwa. Umar bin Khattab (Allah amridhie) alipata ardhi Khaybar, akamwuliza Mtume aifanyeje. Akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake, isiuzwe, isipewe mtu, isirithiwe. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Huo ndio wakfu. Lakini zaka haifanywi mtaji wenu. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, liliruhusu kimsingi zaka iwekezwe kwenye miradi itakayoishia kumilikiwa na wanaostahiki, na baada tu ya shida zao za haraka kutimizwa na kukiwepo dhamana ya kuzuia hasara. Kwa mfuko wa mitaa miwili, ambao mafakiri wake mnawajua kwa majina na wana njaa wiki hii, sharti la kwanza peke yake linatosha kuwazuia.

Basi mtaji utoke kwa watu wanaoombwa wakfu kwa jina lake. Na kwa kuwa madhehebu yetu hayakubali wakfu wa fedha taslimu, nunueni kitu kinachobaki. Kwa Kigoma sioni kilicho bora kuliko michikichi. Ekari moja kwa nafasi ya mita 9 za pembetatu inachukua miche kama 57. Chukueni mbegu ya tenera, aina chotara ya mchikichi, ambayo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapa hapa mkoani wanaishughulikia. Msipande miche inayoota yenyewe chini ya michikichi ya zamani, kwa sababu uzao wake hauaminiki na mtakuja kulijua hilo baada ya miaka minne ya palizi. Huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na kabla ya hapo pandeni maharage katikati ya mistari. Katika mapato, matunzo ya shamba hutangulia kabla ya yatima kupewa chochote. Fukaha, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wameeleza hivyo hata kama mwekaji wakfu hakutaja, kwa sababu wakfu usiopaliliwa unakufa, na yatima wa kesho anakosa. Mawese yakifurika bei hushuka, kwa hiyo wekeni madumu safi ya kuhifadhia mpaka bei ipande. Na kumbukeni ziwa likifungwa, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 kupisha samaki wazaane, michango ya wavuvi na wachuuzi wa dagaa hukatika wakati ule ule shida inapozidi. Hapo ndipo madumu yaliyowekwa yanapofanya kazi.

Hati ya shamba isiwe kwa jina la mwenyekiti, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Akifa, warithi wake watakuta hati yenye jina la baba yao, na mahakama itaanza na karatasi hiyo. Undeni bodi ya wadhamini, isajiliwe RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, na shamba liandikwe kwa jina la bodi.

Mkusanyaji wenu anastahiki malipo, lakini si kwa njia aliyoiomba. Katika wakfu wa Umar iliruhusiwa msimamizi ale kwa wema, kwa hiyo kulipwa si aibu. Tatizo ni asilimia 10 ya kisichojulikana. Huo ni ujira usiojulikana, na ujira katika ijara, yaani mkataba wa kuajiri, sharti ujulikane. Mkubalianeni kiasi cha mwezi kinacholingana na kazi ya aina hiyo hapa mjini. Kisitoke kwenye zaka, kwa sababu fungu la wanaoitumikia ni la waliowekwa na kiongozi, na yeye ni wakala wa kamati tu. Kitoke kwenye sadaka ambayo watoaji wameambiwa wazi kuwa sehemu yake ni ya uendeshaji. Na zawadi anazopewa akiwa kazini zirudi mfukoni. Ibn al-Lutbiyya aliporejea kutoka kukusanya zaka akasema hiki chenu na hiki nimezawadiwa, Mtume alisimama mimbarini akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angezawadiwa.

Fedha za kisima ni za kisima. Hazihami kwa kura ya wajumbe, kwa kuwa wajumbe sio waliozitoa. Wekeni muda, tuseme miezi sita, na mtangaze. Muda ukiisha kabla ya kutimia, waliotoa kiasi kikubwa waulizwe mmoja mmoja, na anayetaka chake arudishiwe. Waliotia sandukuni bila majina hawafikiki, na fungu lao liende kwenye kinachofanana zaidi: maji kwa maji, kwa mfano kukarabati pampu iliyokufa mtaa wa jirani.

Tatizo hili si letu peke yetu. Frederick Goff, mwanasheria na mkuu wa benki mjini Cleveland, Marekani, alianzisha mfuko wa jamii wa mji wake mwaka 1914, mwaka ule ule reli ilipofika Kigoma, kwa sababu aliona mali za marehemu zimefungwa kwenye matumizi yaliyokwisha kupitwa na wakati. Dawa yake ilikuwa kuipa kamati uwezo wa kubadili matumizi. Fukaha wetu wanashika sharti la mtoaji madamu linatekelezeka, likishindikana kabisa ndipo wanaenda kwa lililo karibu nalo. Nanyi mnaweza kupata wepesi ule bila kuvunja sharti la mtu: siku ya harambee, kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa, msoma risala aseme, “Zikipungua au zikizidi, zitaenda kwenye huduma nyingine ya maji katika kata hii.” Atakayetoa baada ya kusikia ameridhia.

Ahadi msizihesabu kama fedha. Kwa Mashafii kutimiza ahadi ya mchango ni jambo linalosisitizwa sana, lakini si deni la kumshitakia mtu. Aliyetamka nadhiri kwa ajili ya Allah, huyo imemlazimu. Kumbusheni kwa upole, mara mbili, faraghani. Kumtaja msikitini aliyeahidi na hakulipa ni kumvunjia heshima, na pengine dagaa zake zimenyeshewa mwezi huo. Na msimwite fundi kuchimba mpaka taslimu ifike. Shimo lililoachwa wazi nusu ni hatari kwa watoto.

Kituo cha watoto wenye ulemavu kipeni sadaka bila wasiwasi. Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina inaturuhusu kuwatendea wema wasiotupiga vita. Zaka ndiyo isiende huko. Kwa kila mnayempa, awe Muislamu au asiwe, toeni nusu kwanza, na nusu ya pili baada ya kuona risiti na kuitembelea kazi kwa macho. Watia saini wa fedha wawe watatu, na hakuna kinachotoka bila wawili wao.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Majina ya watoaji kusomwa yanajuzu kwa ridhaa yao, maana aya ya 271 ya Suratul Baqara imesifu sadaka ya dhahiri, na ya siri ikaiita bora. Ila picha za yatima wamepangwa mstari, kila mmoja na dumu la mafuta na mfuko wa unga, wakisubiri mpiga picha, ziacheni. Aya ya 264 ya sura hiyo hiyo inatukataza kubatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Mtoto yule atakaa darasani kesho na wenzake walioiona picha. Wachangiaji wakitaka ushahidi, wapigieni picha paa, risiti na madumu ghalani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.