Unayeanza kujishonea, fungua kabati kwanza

Nguo yangu ya kwanza niliiga kutoka kwenye picha. Ilinibana kwapani, nikaivaa mara mbili tu. Ya pili niliitoa kwenye shati langu kuukuu, lile ambalo mkono hulifuata wenyewe. Nililitandaza juu ya karatasi, nikachora kipande kwa kipande, nikaongeza sentimita moja na nusu ya mshono kila upande. Hiyo naivaa mpaka leo. Mtindo wako tayari umo kwenye nguo usizochoka kuzivaa.

Fua kitambaa kabla ya kukata, maana pamba hurudi. Kisha tafuta mtande, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo usiochambuka. Vuta kwa mtande: kitambaa hakikubali. Vuta kwa mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza mtande: kinakubali kidogo. Vuta kwa mshazari, yaani kimshalali kati ya hizo mbili: kinanyumbuka waziwazi. Sketi iliyokatwa kwa mshazari huteremka ikifuata mwili. Suruali ikikatwa ovyo, mguu mmoja hujisokota. Kwa maoni yangu, nguo nyingi zinazosemwa “hazikai” ziliharibika hapa, kwenye mkasi, wala si kwenye cherehani.

Rangi ndiyo iliyonifunga kabisa kwenye kazi hii. Nili, ile rangi ya buluu ya kutilia vitambaa, haiyeyuki majini mpaka oksijeni iondolewe, kwa hiyo chungu chake kilicho tayari huwa na maji ya kijani cha manjano. Lowesha kitambaa, kichovye dakika chache, kitoe polepole. Kinatoka kijani, halafu mbele ya macho yako hewa inakigeuza buluu, mikunjo ya ndani ikichelewa kidogo. Nimeona hivyo mara nyingi na bado huacha kila kitu nikatazama. Ukitaka buluu iliyokolea, chovya, acha kipate hewa, chovya tena. Kukiloweka muda mrefu hakusaidii sana. Ukikifunga uzi kabla ya kuchovya, palipofungwa kwa nguvu hubaki peupe, na ufungaji wa kila mtu una sura yake.

Manjano ya bizari hupendeza siku ya kwanza, lakini jua huyapausha haraka. Usiyatie kwenye nguo unayotaka idumu.

Tarizi iweke mahali pamoja: kola, au pindo la mkono. Nguo yenyewe ipige bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, vaa, inama, inua mikono, ndipo ushone. Lile shati kuukuu nalo lilitoboka kiwikoni. Nililitia kiraka cha nili, mishono midogo mistari kwa mistari, na sasa watu huniuliza nimelipata wapi.