Kabla hujamkabidhi fundi ufunguo, muulize: umejuaje?

Msomaji mmoja ameandika. Toyota IST yake inatetemeka ikisimama kwenye foleni, na taa ya injini inawaka. Fundi wa kwanza kabadilisha plagi. Wa pili kabadilisha pampu ya mafuta. Wa tatu anasema injini imekufa, atafute nyingine ya mtumba. Sasa anauliza: Dar fundi mwaminifu anapatikana wapi?

Uaminifu wa fundi hauonekani usoni wala kwenye ubao wa gereji. Unaonekana kwenye mpangilio wa kazi: kapima ndipo akafungua, au anafungua huku akibahatisha? Wengi si wezi. Wanakisia tu, na makisio unayalipia wewe.

Tuichukue hiyo IST. Injini yake, iwe 2NZ ya cc 1300 au 1NZ ya cc 1500, ina silinda nne, na kila plagi ina koili yake juu. Injini ikimisi, yaani silinda isipochoma mafuta sawasawa, kompyuta ya gari kwa kawaida huhifadhi kodi, namba inayotaja hitilafu: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. Tuseme mashine ya kusomea kodi imesoma P0301. Fundi anayejua kazi anachukua spana namba 10, anahamisha koili ya kwanza kwenda silinda ya tatu, na ya tatu anaileta kwenye ya kwanza. Anafuta kodi, anawasha, anaendesha kidogo. Ikija P0303, ugonjwa umehama na koili: unanunua koili moja, basi. Ikibaki P0301, anahamisha plagi kwa mtindo huo huo, kisha anaangalia nozeli inayopuliza mafuta, na mwisho anapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kuhamisha koili ni kazi ya dakika chache na hakuhitaji spea hata moja. Asiyefanya hivyo atakununulisha koili nne, na zikishindikana, injini.

Kwa hiyo akisema "hiki kimekufa", muulize amejuaje. Jibu la "nina uzoefu" si jibu. Fundi mzuri hakasiriki kuulizwa. Atakuita uinamie boneti uone mwenyewe.

Yapo na mambo madogo yanayomfichua mtu mapema. Akikuambia mkanda wa taimingi wa IST umefika muda wake, chukua ufunguo wako: injini hizo zinatumia cheni. Ukifanya sevisi, 1NZ inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta, maana yake kwenye galoni ya lita 4 lazima kibaki kidogo. Anayemimina yote bila kuchomoa stiki kuangalia, hata kazi nyingine anaifanya hivyo hivyo. Na yule anayeng'oa themostati, vali ya maji ya kupoza injini, "kwa sababu nchi yetu ina joto" anakuharibia gari. Themostati imewekwa ifunguke maji yakikaribia nyuzi joto 80 na kitu. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta, na wewe unalalamikia bei ya petroli.

Wizi nao upo, tusidanganyane. Kinachowindwa zaidi ni masega ya ekzosi (kichujio cha moshi kilicho kwenye bomba), kwa sababu yana madini ya thamani. Gari likirudi na mlio mzito kuliko ulivyoliacha, au baada ya siku chache ikatokea kodi P0420, ile ya masega kutofanya kazi yake, chungulia chini uone kama bomba lina welding mpya. Kabla ya kuliacha gari gereji, piga picha ya betri, alteneta na koili, namba zake zionekane. Spea iliyotolewa idai siku hiyo hiyo, hata kama ni chakavu.

Kuhusu pesa: bei ya spea na ya ufundi ziandikwe mbalimbali. Cha juu kwenye spea huzaliwa pale mteja anapobana mno pesa ya ufundi. Nenda mwenyewe Kariakoo na kifaa cha zamani mkononi, kisha mlipe fundi jasho lake bila kumkamua.

Fundi mgeni usimwanzishie na gia boksi. Mpe brekipedi za mbele, ukae pembeni utazame. Je, gari kalikalisha kwenye stendi, au anafanya kazi likining'inia kwenye jeki? Pini za kalipa kazisafisha na kuzipaka grisi ya breki? Zikikwama, pedi ya upande mmoja inaisha kabla ya mwenzake. Kabla ya kurudisha pistoni nyuma, kaangalia chupa ya maji ya breki isije ikafurika na kubabua rangi? Mwisho tazama mguu wake: kabla ya kuliondoa gari anapaswa kukanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu. Asipofanya hivyo, mkanyago wa kwanza utazama hadi chini, na wa kwanza huo utakuwa wako, getini.