Kabla ya kununua vitanda

Wengi wanaonijia wakitaka kuanzisha shule ya msaada kwa watoto wa mabanda huanza na swali la vitanda. Dabodeka moja, kitanda cha ghorofa, ni bei gani, chumba kinaingia watoto wangapi, matroni alipwe kiasi gani. Nawaelewa, maana nami nilianza hivyo hivyo. Niko Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, tangu 2006, kwanza nikifundisha darasa la tatu, baadaye nikawa mwalimu mkuu, na sasa nasimamia shule pamoja na bweni lake. Jambo moja ambalo ningetamani mtu angeniambia mapema ni hili: bweni lije mwisho, na kila kitanda kiwe na sababu iliyoandikwa na tarehe ya mtoto kurudi kwao.

Nililijua hilo kwa uchungu. Jumapili, Machi 15, 2020, ilitangazwa kwamba shule zote nchini zifungwe kwa sababu ya korona. Za kutwa zilifunga kesho yake, zenye mabweni zikapewa hadi Jumatano. Bwenini tulikuwa na watoto 41. Nikafungua daftari la uandikishaji na kuanza kupiga simu. Namba nyingi hazikuwa hewani tena. Kufikia Jumanne usiku kulikuwa na watoto 11 ambao hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwao ni wapi. Familia moja ilikuwa imehamia Kayole, nyingine imerudi mashambani. Mama mmoja tulimpata hatua chache kutoka langoni petu, akiuza mboga kando ya njia ninayopita kila asubuhi. Alikuwa hajakanyaga shuleni miaka miwili. Alinieleza, macho chini, kwamba aliona mtoto sasa ni wetu, na aliona haya kuja kumwona mikono mitupu.

Nilikaa na maneno yake siku nyingi. Sisi tulidhani tunamsaidia, kumbe tulikuwa tumemwondolea umama bila kumwambia.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021 tulimwita mtoto mmoja mmoja pamoja na mzazi au mlezi wake, tukauliza kwa nini analala shuleni. Majibu yalitushangaza. Wengi hawakuhitaji kitanda. Walihitaji taa, meza na chakula cha jioni. Nyumba ya kumi kwa kumi, futi si mita, yenye watu sita, redio ya jirani na koroboi moja, haina mahali pa kuandikia. Basi tukaanzisha masomo ya jioni. Kengele ya mwisho ikilia, watoto hubaki, hufanya kazi zao, hula githeri au ugali na sukuma, na saa moja na nusu hutoka kwa makundi kufuata vichochoro vyao, kila kundi na mwalimu mmoja na wazazi wawili wa zamu. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kumlaza mtoto, na asubuhi ameamkia kwao. Vitanda vilipungua kutoka 41 hadi 14.

Hao 14 ni akina nani? Ni mtoto ambaye nyumbani kuna mtu wa kumdhuru, na hapo afisa wa watoto lazima awe amehusishwa kwa maandishi. Ni mtoto ambaye mzazi wake amelazwa na hakuna jamaa wa karibu. Mara nyingine ni msichana ambaye njia ya kwao usiku haipitiki. Kila mmoja ana fomu: sababu, nani atamtembelea, lini tutaliangalia upya. Mwisho wa muhula tunaketi, tunasoma fomu zote. Fomu isiyo na sababu tena, kitanda kinaachwa. Wakati mwingine mtoto hulia kwa kuwa amezoea, nasi hutuuma. Lakini tunakwenda naye hadi nyumbani, na wiki inayofuata tunakwenda tena.

Sheria nayo inaelekea huko, na afadhali uijue kabla hujachangisha pesa. Tangu Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto ya hisani. Ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032, unaolenga watoto walelewe katika familia, si katika taasisi. Bweni la shule si makao ya watoto. Lakini watoto wakikaa kwako likizo baada ya likizo, umeshaanza kuendesha makao bila kibali, hata kama lango limeandikwa shule. Nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo mapema, ukiwa bado huna tatizo, wakujue.

Ukilazimika kuwa na bweni, liogope. Septemba 2024 moto uliwaua wavulana 21 katika bweni la shule huko Endarasha, Nyeri. Sisi wa mabanda tuna hatari zaidi: kuta za mabati, dari za mbao, na stima ya sambaza, yaani umeme uliounganishwa kwa magendo. Usikubali waya wa sambaza uingie wanakolala watoto, hata kama mtaa mzima unatumia. Lipa mita halali au tumia sola. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 uko wazi: nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda, njia ya mita 2, mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma. Wafadhili watakushawishi uongeze dabodeka katika hiyo njia ya mita 2. Kataa. Na zoezi la moto lifanyike usiku, watoto wakiwa usingizini. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tuligundua matroni anafunga mlango mmoja kwa kufuli na ufunguo uko chini ya mto wake. Alikuwa akiwalinda dhidi ya wezi. Sikumfukuza, tulibadilisha komeo, tukaajiri mlinzi wa usiku.

Kuhusu jengo, usizike pesa nyingi katika ardhi isiyo yako. Kibera, Julai 2018, shule zilibomolewa kupisha barabara. Hapa kwetu mto Mathare ulifurika Aprili 2024, na mwezi uliofuata matingatinga yakabomoa nyumba zilizo karibu na maji. Jenga kitu kinachofunguka na kubebeka, na nakala za kumbukumbu zote ziwe mahali pengine.

Sasa chakula, maana hicho ndicho shule yenyewe. Mahudhurio yetu yalibadilika siku tulipoanza uji wa saa nne. Mtoto mwenye njaa hasikii mwalimu. Watoto wengine hufunga nusu ya chakula chao ndani ya karatasi wampelekee mdogo wao, na ukiona hivyo usimkemee. Nenda ukaone huyo mdogo anakula nini. Maharagwe na mahindi tunanunua kwa magunia Nyamakima, kwa wauza nafaka wa Nairobi, baada ya mavuno, tunayakagua kwa macho na kwa pua, maana sumu kuvu haina msamaha. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha unaokoa kuni nyingi. Usifungue milango kabla hujawa na chakula cha muhula mzima ghalani. Nilifungua na cha wiki tatu, nikaja kukopa unga dukani kwa jina la shule, na deni hilo lilinisumbua mwaka mzima.

Walimu walipe kwa wakati hata kama ni kidogo. TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, ilipoajiri walimu wa sekondari ya msingi mwanzoni mwa 2023, shule kama zetu zilipoteza wazuri wao. Usimlaumu anayeondoka, ana watoto pia. Wekeza kwa yule kijana wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne, msaidie asomee ualimu na apate namba ya TSC. Akijaaliwa kukaa, anajua kila kichochoro na kila mama. Viboko vilipigwa marufuku 2001, na mwalimu anayeshika fimbo kwa mtoto anayepigwa nyumbani anamfungia mlango wa mwisho.

Vyeti vya kuzaliwa vianze kufuatwa mtoto akiwa gredi ya kwanza, usingoje mtihani wa gredi ya sita. Kadi ya kliniki, kitambulisho cha mama, barua ya chifu: ni safari nyingi, basi mpe mtu mmoja kazi hiyo.

Wageni watakuja na kamera. Hakuna mgeni anayebaki peke yake na mtoto, hata awe ametujengea darasa. Hakuna picha bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka hivyo, na hata isingetaka, fikiria mwanao akionyeshwa kamasi zake kwa watu asiowajua ili apate viatu. Namba 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto, ibandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila mtu mzima kumwona.

Hela za mfadhili mmoja zisizidi nusu ya bajeti yako. Wazazi nao wachangie, mwenye shilingi atoe shilingi, mwenye mikono aje jikoni. Mama yule wa mboga sasa hutuletea sukuma Jumatano, na zamu ya jioni ni yake siku ya Ijumaa. Ijumaa iliyopita alitoka na kundi la kichochoro chao, watoto tisa, tochi mkononi, binti yake mbele.