Usafi wa mikono wodini: mmeuliza, najibu

Tumefundishwa mara nyingi na mabango yamejaa ukutani, lakini wahudumu bado hawanawi. Tumekosa nini tena?

Acheni mabango kwanza, mwangalie kitakasa mikono kimewekwa wapi. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi hawezi kwenda hadi sinki la mwisho wa wodi kila anapohama kitanda, hata awe na moyo wa namna gani. Muda haupo. Chupa ikiwa kitandani au mfukoni mwake, atasugua mikono kwa sekunde 20 hadi 30 huku akimsalimia mgonjwa.

Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, zilifanya hivyo, zikapima unawaji na kuwarudishia wahudumu matokeo, na uongozi ukasimama nao. Kati ya 1994 na 1997 unawaji ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na kufikia 1998 maambukizi ya hospitalini yakawa yameshuka kutoka karibu asilimia 17 hadi 10. Mafunzo yanahitajika, ndiyo, ila hayajazi chupa tupu. Lazima awepo mtu anayejulikana kwa jina ambaye kazi yake ni kuhakikisha chupa hazikauki, hata usiku.

Ripoti yetu ya unawaji inaonyesha asilimia 95. Mbona maambukizi hayapungui?

Mtu akijua anatazamwa, hunawa. Linganisheni ripoti hiyo na kiasi cha kitakasa mikono kinachotumika wodini kwa mwezi: kama wodi imejaa wagonjwa na chupa haziishi, asilimia 95 hiyo msiiamini.

Halafu chambueni nyakati zenyewe za kunawa. Shirika la Afya Duniani limetaja tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka katheta (mrija unaoingizwa mwilini), baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mara nyingi wahudumu hufanya vizuri zaidi kwenye zile za "baada", kwa kuwa zinawalinda wao wenyewe. Zile za "kabla" ndizo zinazomlinda mgonjwa, na hizo ndizo zinazorukwa. Naomba mziweke peke yake kwenye ripoti, zisifichwe na wastani.

Nikivaa glovu, bado ninawe?

Ndiyo. Glovu huwa na vitundu visivyoonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua. Kibaya zaidi ni glovu zile zile kutoka kitanda hadi kitanda: mhudumu anajiona salama huku akisambaza vijidudu.

Daktari wetu bingwa hupita raundi bila kutakasa mikono. Mimi ni muuguzi mgeni, nimwambieje?

Usiachiwe mzigo huu peke yako. Hata Geneva, wauguzi walibadilika sana lakini madaktari wakabaki nyuma. Mwombe kiongozi wa wodi suala hili lizungumzwe kwenye kikao, wote wakubaliane kwamba yeyote anaweza kumkumbusha yeyote, na kwa maneno gani. "Daktari, dawa ya mikono hii hapa," huku unamkabidhi chupa, inatosha. Wala si utovu wa adabu. Akikukemea, kiongozi ndiye wa kulibeba, si wewe. Nami nawasihi mabingwa: anzeni raundi kwa kutakasa mikono mbele ya wanafunzi wenu. Watawaiga ninyi kuliko kitabu chochote.

Sabuni au kitakasa? Ngozi yangu inapasuka.

Kitakasa chenye alkoholi kwa kazi nyingi. Sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60, mikono ikionekana chafu, au ukimhudumia mgonjwa anayeharisha kwa Clostridioides difficile, kwani mbegu za bakteria huyo haziuawi na alkoholi. Usitumie vyote viwili kwa mfululizo. Hiyo huumiza ngozi bure. Dai kitakasa chenye kilainisha ngozi kama gliserini, pakaa losheni baada ya zamu, na nyufa zisipopona nenda ukatibiwe mapema, maana mikono inayouma hainawiwi.