Swali la lugha: "Ukurasa wa mwanachama" ni wa nani?

Msomaji wetu wa Ngamiani, Tanga anauliza: "Shikamoo mwalimu. Natengeneza mfumo wa mtandaoni wa chama cha akiba na mikopo cha wavuvi, watumiaji ni mwanachama, karani na meneja. Nataka kupanga ukurasa zote kulingana na nani kaingia na anafanya nini. Nimeandika 'Ukurasa wa Mwanachama', 'Ukurasa wa Karani', watu wanachanganyikiwa. Halafu kwenye fomu ya usajili niandike cheo au jukumu?"

Marahaba mwanangu. Kwanza ni kurasa zote, umoja ukurasa huu, wingi kurasa hizi, hilo lishike maana utaliandika kila mahali.

Sasa kinachowachanganya watu ni hiyo "wa". Kiunganifu hiki kinabeba mengi, kinaonyesha mwenye kitu na pia kinaonyesha kitu kinamhusu nani, kwa hiyo "ukurasa wa mwanachama" unaweza kuwa ule anaoufungua mvuvi mwenyewe kwenye simu aone akiba yake, na unaweza kuwa ule anaoufungua karani dirishani akitaka kujua huyu aliyesimama mbele yake anadaiwa shilingi ngapi. Kurasa mbili tofauti kabisa, jina moja! Mimi nakushauri usimtaje kabisa yule anayeufungua ukurasa, vitu vyake mwenyewe viandikie kimilikishi, yaani "yangu". Mwanachama akiingia akute "Akiba yangu", "Mikopo yangu". Karani na meneja wakute "Akiba ya wanachama", "Mikopo ya wanachama", "Maombi ya mikopo". Na umoja na wingi uwe nao makini sana, "Taarifa za mwanachama" ni za mtu mmoja uliyemchagua, "Taarifa za wanachama" ni za wote.

Upande wa kazi, kitufe kiandike kwa kitenzi cha kuamrisha kwa sababu ukikibonyeza kinatenda: "Omba mkopo", "Ongeza mwanachama", "Idhinisha", "Kataa". Kichwa cha ukurasa kiwe nomino, mfano "Orodha ya wanachama". Ila "Uongezaji wa wanachama" achana nao, kisarufi hauna kosa lakini nani anaongea hivyo jamani.

Kwenye kupanga folda, ukurasa unaotumiwa na zaidi ya aina moja ya watumiaji, kama hiyo orodha ya wanachama, upange kwa kazi yake na usiutengeneze mara mbili, kinachotofautiana kiwe ruhusa tu. Kwenye "Maombi ya mikopo" meneja aone "Idhinisha", karani asikione, na seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo, nayo ikague ruhusa kila mtu anapofungua ukurasa au kubonyeza kitufe, maana kuficha kitufe peke yake hakumzuii mtu anayejua anwani ya ukurasa. Kurasa za aina moja tu ya mtumiaji ndo uziweke kwenye folda yake.

Cheo hapana, kuwa mwanachama sio cheo. Jukumu linafaa kwenye maandishi yenu ya kitaalamu, ila kwenye fomu ambayo karani ataijaza huku foleni imemsubiri, andika tu "Aina ya mtumiaji".