Bahari Ngapi Hizi, Mwalimu?

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya mkungu pale ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki, nikahesabu wachoraji wapya wanne. Wote wastaafu kama mimi, wote na kofia mpya. Mmoja wao, mama aliyekuwa mhasibu, alianza saa 4 asubuhi maji yakiwa yamekupwa hadi kule kwenye matope. Saa 9 alasiri nikampitia: bado anapaka. Maji yanalamba miguu ya stendi, naye anayafukuza kwa brashi. Nikajiuma ulimi, nikamsalimia, nikaenda zangu. Usingizi ukagoma, ndiyo nikaandika ushauri huu kwa wanaoanza kuchora pwani.

1. Wenzangu, maji hayawasubiri. Siku za bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa kwetu yanakauka kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni, na tofauti yake inapita mita 3. Tena pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua liko upande wa bahari na vivuli vinakujia wewe. Alasiri liko mgongoni na vivuli vinakimbilia majini. Ukikaa pale kutwa, umechora picha mbili kwenye kanvasi moja. Mimi ninayo ya namna hiyo. Tuseme, kuna shule inayo.

Nilifundisha jiografia miaka 31. Kupwa na kujaa, mwezi na jua kuvuta maji, hayo nilikuwa nayachora ubaoni huku nimefumba macho. Mwaka wa kwanza wa kustaafu nikakata kipande cha kiinua mgongo nikanunua rangi (ukubwa wa kipande mke wangu anaujua, tuuache hapo), nikaja pwani kuchora ngalawa saba. Nilianzia kushoto kwa sababu ndivyo ninavyoandika. Za kushoto zimelala mchangani, mirengu juu, kivuli kinakuja kwangu. Nikala, nikasali, nikarudi. Za kulia zikawa zinaelea, kivuli kinaelekea Unguja. Katikati nikapaka mchanga uliolowa, ili pande mbili zisigombane. Nikaiona nzuri! Nikaitia fremu ya mninga, nikaizawadia shule niliyostaafia siku ya mahafali.

Makofi yakapigwa. Kisha akaja mzazi mmoja, nilimfundisha kidato cha pili. Alikuwa anakaa dirishani na kutazama bahari kipindi kizima, nami nilimchapa kwa hilo. Sasa ni nahodha, anavusha mizigo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba."

Akaisogelea picha, mikono nyuma. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hawa wa kushoto wanasubiri maji. Hawa wa kulia maji wanayo. Bahari ngapi hizi?"

Hapo ndipo ningecheka, yaishe. Badala yake nikamwambia, mbele ya mkewe na mwanawe aliyevaa joho, "Hiyo ni sanaa. Wewe huwezi kuielewa."

Akasema, "Sawa, mwalimu." Ile ile aliyokuwa akinijibu baada ya fimbo.

Nilikaa wiki mbili bila kushika brashi. Ya tatu nikamfuata bandarini na kilo mbili za sukari, nikamwomba radhi. Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. Ndiye aliyenionyesha nitazame alama ya unyevu kwenye nguzo na matumbo ya vyombo, nijue maji yametoka wapi na yanakwenda wapi. Ndiye pia aliyenikataza kuchora tanga limejaa upepo wa kusi, utokao kusini, halafu minazi inainamia kusini. Picha bado iko ofisini kwa mkuu wa shule. Nikiitwa kikao cha wazee, huwa nawahi kiti kinachoipa mgongo.

Kwa hiyo: funga vivuli na mstari wa maji ndani ya nusu saa ya kwanza, andika saa nyuma ya kanvasi, usiviguse tena. Ukiona mwanga mpya umekupendeza, toa kanvasi nyingine. Na ninyi mnaoanza, njooni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, wakati bahari haina haraka sana.

2. Kanvasi nyeupe juani inapofusha, ipake kwanza rangi ya udongo mwekundu.

3. Upepo wa kaskazi unatupiga usoni, na akriliki inakauka kabla hujaigusa. Beba chupa ya kunyunyizia maji. Stendi itundikie mfuko wa mchanga. Siku niliyopuuza hili, stendi iliangukia beseni la dagaa, nikalazimika kuwanunua wote. Tulikula dagaa wa bluu siku mbili. Nasema bluu lakini tuliwaosha.

4. Kijani cha kwenye tyubu hakijawahi kuota pwani hii. Changanya, tia njano ya udongo.

5. Wachuuzi wasalimieni kwanza. Si mapambo ya picha zenu, wako kazini. Yule mama wa kukaanga pweza alinigeuzia mgongo mwezi mzima, nami nikawa hodari wa kuchora migongo.

6. Dawa za presha ziwe mfukoni, si kwenye gari. Choo kijulikane kilipo kabla ya kufungua rangi. Vijana hawatalielewa hili, sisi tunaelewana.

Dada mhasibu, kama unasoma: picha yako usiifute. Kata kanvasi katikati, utakuwa na mbili nzuri, ile ya asubuhi hasa. Jumamosi ijayo ni maji mafu, mimi nitakuwa pale saa 12 na nusu asubuhi. Mwenye kiti cha ziada anibebee, changu kimevunjika mguu.